Mkono wa Kulia wa Maame Konadu

Maame Konadu alipoulizwa na mwanawe anajisikiaje anapoamka asubuhi, alitaka kujua kama mshahara anaolipwa mjini ni wa kuuliza maswali ya namna hiyo.

"Ndiyo, Mama," Ofosu akajibu. "Karibu ni hayo hayo."

"Na hao wanaokulipa ni wazima?"

Ofosu aliliandika jibu hilo kwenye karatasi ya njano, akalibandika ukutani pamoja na mengine. Ukuta wa sebule ulikuwa umejaa vikaratasi vya kila rangi: vya njano kwa aliyoyasema mama, vya bluu kwa aliyodhaniwa kuyawaza, na vya pinki kwa mawazo ambayo yalikuwa bado hayajamjia mtu yeyote. Serwaa, mkewe, aliingia na bakuli la uji wa mahindi akakuta nusu ya televisheni imezibwa na karatasi iliyoandikwa MAMA ANAOGOPA NINI. Mama mkwe wake alikuwa anajitahidi kutazama tamthilia yake kwenye nusu iliyobaki.

"Serwaa, mwanangu," mama mkwe akasema, "mwondoe mume wako. Yule mwanamke anataka kumtilia mwenzake sumu na mimi naona mikono tu."

Kiharusi kilimpiga Maame Konadu upande wa kulia. Mguu ulikuwa umeanza kurudi, kwa mkongojo na matusi, ila mkono ulilala tu mapajani. Tangu atoke hospitali hakutaka kuvuka lango la nyumba. Kanisani hakwenda, sokoni hakwenda, na zaidi ya yote hakwenda matangani, yeye ambaye kwa maisha yake yote Jumamosi ilikuwa na maana moja tu: kuvaa nyekundu na nyeusi na kwenda kuwalilia wafu wa watu. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba asiyeonekana kwenye matanga ya wenzake, ya kwake yatahudhuriwa na mbuzi.

Sasa Maame Tiwaa, shoga yake wa tangu utotoni, alikuwa anazikwa Jumamosi hiyo huko Mampong, mwendo wa gari kutoka kwao Kumasi. Hayo hayakuwa matanga ya kukosa. Na Pokuaa, dada yake Ofosu, alishatoa hukumu kwa simu iliyowekwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie.

"Mama asipofika kwa Maame Tiwaa, watu watasema ameshakufa na ninyi mmemficha," alisema. "Nakuja na gari Jumamosi jioni nimchukue. Atakaa kwangu Mampong moja kwa moja."

"Wifi, wewe unashinda dukani tangu alfajiri," Serwaa akasema. "Nani atakaa naye?"

"Kuna redio."

Maame Konadu alisikia kila neno. Hakutaka kwenda kukaa na redio, na hakutaka kwenda matangani. Alipoulizwa sababu alisema mguu unauma. Alipoulizwa tena alisema hajisikii. Mara ya tatu alimwambia Ofosu arudi kazini akawaulize wazungu wake.

Serwaa alikuwa na sababu zake za kutaka mama yule abaki. Moja ni ya wazi: mama kuchukuliwa mikononi mwa mkaza mwana ni fedheha isiyofutika, na wifi yake angeitembeza mkoa mzima wa Ashanti bila nauli. Ya pili hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anampenda yule bibi. Alimpenda kwa ulimi wake mchafu na kwa namna alivyokuwa akimwachia kipande kikubwa cha samaki huku akisema kimeungua.

* * *

Jikoni mke na mume waligombana kwa sauti ya chini, ugomvi wao wa siku zote. Ofosu alikuwa anawafundisha watu wa mabenki na wizara kitu kinachoitwa fikra za usanifu. Serwaa aliajiriwa na hospitali moja ya mjini kufanya kingine, kinachoitwa usanifu wa huduma. Watu wa nje waliona ni kazi moja yenye majina mawili, na wakwe walishawapongeza kwa kuoana ofisini. Ndani ya nyumba ile, kusema hivyo kulikuwa sawa na kumwambia mpishi aliyebuni mchuzi kwamba yeye na msimamizi wa mgahawa ni mtu mmoja.

"Wewe unataka kuchora barabara kabla hujajua mtu anakwenda wapi," Ofosu alisema.

"Anakwenda Mampong. Wewe ndiye unayemwuliza mtu anayejua anakokwenda."

"Kwa nini hataki kwenda, hilo ndilo swali. Unaanza na mtu, Serwaa. Unamsikiliza mpaka ulione tatizo lenyewe. Unawaza mengi, hata ya kipumbavu. Unatengeneza kitu cha rahisi, unakijaribu, kikivunjika unashukuru kwa kuwa umejifunza."

"Na kikishindwa kuvunjika? Nani anakiendesha kesho? Dereva akiumwa tumbo je? Wewe ukishapata wazo lako unapiga makofi unakwenda nyumbani. Mimi ndipo kazi yangu inapoanza. Mteja anaona bakuli la supu, haoni aliyechota maji, haoni aliyewasha moto wala anayeosha vyombo. Mmoja wao akikosekana, supu haipo, hata kama wazo lake lilibandikwa ukutani kwa rangi saba."

"Basi kwako kila mtu ni bomba la kupitisha supu."

"Na kwako kila mtu ni supu ya kuonja."

"Nimesikia yote," Maame Konadu akasema kutoka sebuleni. "Na hiyo supu mnayoizungumza iko wapi?"

* * *

Kwa kuwa yeye ndiye mwana wa kuzaliwa, Ofosu alitangulia. Vikaratasi vya bluu vilimwambia kwamba mama anaona aibu kuonekana anachechemea. Akachukua kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, akakifunika kwa kitambaa chekundu, akafunga mto mgongoni na kukizungushia uzi wa dhahabu uliobaki kwenye mti wa Krismasi. Alikiita kiti cha kimalkia. Mama alikubali kukikalia kwa sababu kilikuwa laini.

Ofosu hakuwa amefikiria mteremko wa ua wao. Kiti kilianza safari polepole, kwa heshima zote, kikapata kasi karibu na tangi la maji, kikawatawanya kuku wa jirani na kutoka langoni. Kikapita mbele ya kibaraza ambapo mzee Nsiah na wenzake walikuwa wanacheza bao la dama. Wazee walinyanyuka wote kumwamkia, mzee Nsiah mkono wake tayari. Maame Konadu, ambaye hajawahi kumpita mzee Nsiah bila salamu na kijembe, alikaza macho mbele kama mtu aliye kwenye gari la serikali, mpaka kiti kiliposimama kwenye mchanga.

Ofosu alifika akihema, uso umemng'aa. "Mama, tumejifunza kitu kikubwa sana."

"Nani amejifunza? Mimi nilikuwa nimekaa."

* * *

Ikawa zamu ya Serwaa, naye hakufanya mchezo. Alibandua nusu ya vikaratasi, televisheni ikapumua, akatandaza karatasi moja ndefu mezani. Alichora safari ya mama tangu kitandani mpaka Mampong na kurudi. Katikati alipiga mstari. Juu ya mstari yalikuwa mambo atakayoyaona mama. Chini yake, watu na shughuli za kuyafanya yawezekane. Sarpong dereva wa teksi, na mdogo wake Sarpong kama Sarpong atachelewa. Msichana wa kupiga pasi nguo ya matanga. Mchungaji mwenye chumba nyuma ya uwanja wa msiba, aliyeombwa choo kwa adabu na kuahidiwa kuku. Pokuaa, wa kumshikia mama mkongojo anapokaa.

"Dada yangu umemweka chini ya mstari," Ofosu akasema, akifurahi waziwazi.

"Huko ndiko kwenye kazi. Asipofanya kazi simweki popote."

Alhamisi walifanya mazoezi. Sarpong alifika kwa wakati, jambo lililomshtua Sarpong mwenyewe. Nguo ilikaa sawa, mguu ulipanda, mto ulikuwepo. Mama aliingia kwenye teksi bila tusi hata moja. Majirani walitoka kutazama, na Serwaa akaanza kuiona Jumamosi iko mkononi.

"Nikishafika?" mama akauliza, mlango ukiwa bado wazi.

"Sarpong anakushika upande huu, mimi huu. Unapita kwa wafiwa, unawasalimu mmoja mmoja, kisha unakaa."

"Nawasalimu."

"Ndiyo, Mama. Kuanzia kulia mpaka mwisho wa mstari, kama kawaida."

Maame Konadu alitazama mapaja yake. "Nirudisheni ndani."

"Mama, tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo. Mpango wako ni mzuri sana, mwanangu. Umenipanga vizuri kama gunia la muhogo, kila mtu anajua pa kulishika. Nirudisheni ndani."

Ikabidi ateremshwe mbele ya majirani wale wale. Sarpong alidai nauli kamili ya Mampong, akisema yeye alishajiandaa moyoni. Pokuaa alipopata habari, na aliipata kabla injini ya teksi haijapoa, alipiga simu akacheka mpaka akakohoa. "Wataalamu wawili," alisema. "Mama mmoja. Kiti kimoja." Serwaa alikata simu akaenda kulia bafuni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na kwa huzuni zaidi kuliko angependa kukiri.

* * *

Ijumaa asubuhi alikuja mpwa wa marehemu, kijana mwenye tai nyeusi, kuwapitishia watu habari za mwisho za mazishi. Aliingia sebuleni, akainama mbele ya Maame Konadu na kunyoosha mkono.

Maame Konadu alikuwa amelala. Alikuwa anakoroma hasa, kichwa kimeangukia bega. Kijana aliusubirisha mkono hewani, kisha akaurudisha, akatoa ujumbe wake kwa Serwaa kwa kunong'ona na kuondoka.

Lango lilipofungwa jicho moja likafunguka. "Alisema watapika nini?"

Serwaa alikuwa anakumbuka. Mchungaji alipokuja, mama alilala. Akina mama wa kwaya walipokuja, alilala katikati ya sala. Mwanamke yule alikuwa hapati usingizi usiku mzima, na mchana ulimjia kila mgeni alipopiga hodi. Na siku ile kwenye kiti, mzee Nsiah alisimama na mkono wake tayari.

Alivuta kigoda akakaa mbele ya mama mkwe wake, akanyoosha mkono wa kulia. Aliuacha hapo.

Maame Konadu aliutazama ule mkono. "Uondoe," alisema.

Serwaa hakuuondoa.

"Unataka nikupe upi? Huu?" Aliinua wa kushoto, akautikisa. "Huu niliojitawazia asubuhi? Niende nao kwa jamaa za Tiwaa? Tiwaa amelala pale, nduguze wamekaa mstari mzima, nami nawapitishia mkono wa kushoto kama mtu anayetukana ukoo wa watu? Sijawahi kumpa mtu mkono wa kushoto. Hata baba yake Ofosu siku namwacha, nilimuaga kwa wa kulia."

"Watu wataelewa, Mama. Wanajua uliugua."

"Watanihurumia. Kuelewa na kuhurumia si kitu kimoja. Niliwahi kumwona mtu anaomba radhi kwa mkono wake, mtu kwa mtu, 'samahani kwa wa kushoto, samahani kwa wa kushoto,' mpaka nikatamani angekaa kwake." Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mkono mzuri ulikuwa bado hewani, hakuwa na wa kuyafutia. Serwaa alimfutia.

Ofosu alikuwa amesimama mlangoni na vikaratasi vyake. Kati ya vile vya njano vyote hakuna kilichokuwa na habari hiyo, kwa sababu alimwuliza mama anajisikiaje, na mtu haitoi aibu yake kwa kuulizwa. Serwaa naye alikuwa ameandika neno "kusalimu" juu ya mstari kwa mwandiko mzuri, akapita juu yake kama anavyopita juu ya kizingiti.

Hapo Ofosu akafanya jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya wiki ile. Alijifunga mkono wa kulia kwa mtandio wa mkewe, akaufunika kwa shati na kutoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alirudi baada ya muda, kichwa kimeinama. Muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, alikuwa amekataa kupokea pesa yake. Na mzee Nsiah, aliyemjua tangu anavaa bukta ya shule, alimwuliza kwa sauti ya kusikika na mtaa kama ndicho wanachofundisha huko kwenye mabenki.

"Nimetaka kuzama ardhini," alisema. "Na mimi najua kwamba nikifika nyumbani naufungua."

"Karibu," mama yake akamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali alicheka.

Wakakaa wote watatu. Ofosu alitoa mawazo kwa fungu, maana ndiyo kazi yake. Wajaze glavu pamba. Mama akasema hatakwenda kumzika shoga yake na mkono wa mdoli. Wafunge bandeji na kusema umevunjika. Mama akasema hawezi kumdanganya Tiwaa, aliyekuwa anamjua uongo wake wote. Wazo la tano au la sita lilikuja ovyo, akiwa anaushika ule mkono uliolala na kuunyanyua bila kufikiri.

"Mkono huu haujafa," alisema. "Una joto. Umekosa tu wa kuunyanyua."

Wakatazamana. Kisha Serwaa akavuta ile karatasi yake ndefu, akaigeuza upande wa pili, akaanza upya. Aliyefika kwanza hupitiwa na wengine na kusalimiwa akiwa ameketi. Basi wafike kabla ya watu. Akae kiti cha mwanzo. Kitambaa kikubwa cha matanga kipite mabegani mwa mama mpaka mapajani mwa atakayekaa kulia kwake, na chini yake mkono wa huyo uushike wa mama kwenye kiwiko. Na huyo akitaka kwenda haja?

"Pokuaa," akasema Serwaa, kwa uchungu. "Itabidi tumfundishe."

"Kumbe wifi yako amepanda juu ya mstari," akasema Ofosu.

"Bado yuko chini. Atakuwa chini ya kitambaa."

Maame Konadu alikuwa anawasikiliza huku anajaribu, akimwachia Serwaa mkono, akiuona unainuka na kushuka. "Ukiinua hivyo naonekana polisi wa barabarani," alisema. "Taratibu. Mimi ni mwanamke wa heshima."

* * *

Uwanja wa Mampong ulijaa nyekundu na nyeusi kabla jua halijakaza. Maame Konadu aliketi kiti cha mwanzo, mgongo umenyooka, na watu wakampitia mmoja mmoja wakitoka kulia. Mkono wake ulitoka kwenye kitambaa, ukapokea, ukarudi. Wengine walijua, maana Serwaa aliwaona wakimtupia jicho. Ila mkono waliopewa ulikuwa wa kulia, na ulikuwa wa mwenyewe, na hakuna aliyepata nafasi ya kumhurumia.

Walikuwa wamekubaliana ishara: goti la mama likimgusa Serwaa mara moja, inua. Katikati ya mstari alikuja mwanamume mmoja mwenye tumbo, aliyewahi kumdhulumu marehemu kiwanja. Alinyoosha mkono. Goti halikugusa. Serwaa alisubiri. Mtu yule alisimama pale mkono umening'inia, nyuma yake foleni ikasimama, na Maame Konadu akamtazama kwa upole mkubwa mpaka akaurudisha mwenyewe na kupita.

"Mama, huyo umemnyima," Serwaa akanong'ona.

"Mimi ni mgonjwa," akasema Maame Konadu. "Hujui?"

Baadaye alimlilia Tiwaa kwa sauti, bila mtu kumsaidia.

Pokuaa alishika zamu mara mbili. Mara ya kwanza aliuinua mkono wa mama kwa papara akampiga nao shemasi wa kanisa kidevuni. Mara ya pili alifanya vizuri, akabaki ameushika mkono wa mama yake chini ya kitambaa hata pale ambapo hakukuwa na mtu wa kusalimiwa.

Lakini ahadi ni ahadi, na jioni aliegesha gari lake karibu na teksi ya Sarpong. Alishatandika shuka kiti cha nyuma. Watu walikuwa wamesimama karibu wakiagana, jamaa wa ukoo wote, na Serwaa alijua hawezi kubishana na binti wa mtu mbele ya ukoo wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani.

"Mama, nilisema utakuja kwangu," Pokuaa akasema. "Hujambo, umeonekana, vizuri. Lakini wewe ni wa kwetu. Twende nyumbani."

Maame Konadu alimtazama bintiye kwa mapenzi, kisha akalitazama gari, na shuka, na mwisho akageuza shingo upande wake wa kulia.

"Pokuaa, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika na ukoo, "mtu hawezi kuishi Mampong na mkono wake uko Kumasi."

Pokuaa alikwenda kukunja shuka. Sarpong akafungua mlango, na Serwaa, aliyekuwa anataka kulia na hakutaka kuonekana, akainama kumpandisha mama mkwe wake mguu.

"Acha mguu," mama akamwambia. "Huo nauweza. Nishikie mkono."